Sare za Kontena Mezani kwa Mama

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya Soko.
Jumatano, 9 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Kibiriti,

Hujambo? Kile kikohozi kimeisha? Usinijibu "kidogo kidogo", nakujua. Vaa koti zito na ule ushibe. Huku sote wazima, na shemeji yako anauliza kama huko ugenini bado unaimba bafuni.

Barua yako imeniliza. Unasema unataka kuacha kazi kwa sababu makontena mnayopakia ndiyo yaliyoleta sare za shule za bei rahisi na kumkimbizia Mama wateja. Tena unaamini hapokei simu zako kwa hasira. Wee! Tulia kwanza, usiwake. Ukiacha leo, kesho atapakia mwingine, na sare zitakuja vilevile.

Ni kweli, hali ilikuwa mbaya. Shule zilipofunguliwa, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na Mama kakaa mlangoni akitazama watoto wa mtaa wakipita na mashati ambayo hakuyashona yeye. Nchi hiyo uliko inapanda mbio kwa viwanda, na humu ndani karibu kila kitu sasa kimetoka huko: taa, sufuria, hata uzi wa Mama. Uzi aliufurahia sana. Mashati ndiyo yalimchoma.

Basi mwenye duka la sare akaja na furushi. Suruali viuno vipana, miguu mirefu, watoto wanaikanyaga. Akamwomba Mama azipunguze. Mama akamjia juu: "Zipeleke kwa aliyezishona!" Maskini, akaliacha furushi pale pale akaondoka.

Siku zikapita, halijaguswa. Halafu asubuhi moja nikamkuta Mama dirishani, kafumua pindo, anauchunguza mshono.

"Huyu mtu ana mkono mzuri," akaniambia. "Ona, hapa katulia. Hapa kachoka. Hapa anakimbizwa."

Akaniuliza kama mafundi wa huko huwa wanapewa muda wa kula. Mimi nitajuaje? Tangu siku hiyo anazipunguza, na watu wamerudi mlangoni, ingawa si kama zamani, nisikudanganye.

Sasa hizo simu. Hana hasira nawe hata chembe. Anaona haya. Amejigamba miaka yote kwamba cherehani yake ndiyo iliyokusomesha, na leo anarekebisha kazi za wengine. Anaogopa utamwonea huruma. Nikamwambia, kumbe mnaoneana haya bure, mtu na mwanawe! Akacheka, kisha akalia, nami nikalia naye.

Shangazi muuza maziwa anakusalimu sana, na binti yangu pia. Mungu akuepushe na mabaya, akupe bosi mwenye utu.

Mama yuko hapa ubavuni ananiharakisha. Anasema usiache kazi. Ila umtafute fundi yeyote anayeshona suruali hizo, umwambie mama yako, fundi mwenzake, anamsalimu, na anamwomba apumzike kidogo. Halafu Jumapili upige simu. Atapokea mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukiwaka.