Dada Auliza Wenye Massachusetts Ni Nani

Siyu, Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, na mvua nyembamba isiyolowesha.

Dadangu Mwanaesha amekataa kumpa mwanawe radhi ya kwenda Marekani. Amesema hivyo leo asubuhi, uani kwake, mbele ya mumewe Bwana Omari, mbele ya Athmani mwenyewe na mbele yangu. Hakupandisha sauti. Maneno yake ni haya: "Msahafu siuteremshi. Si mpaka niyue wenye nti hiyo ni nani."

Nyumbani kwetu msafiri wa mbali hatoki bila kupita chini ya msahafu. Mama husimama mlangoni ameuinua kwa mikono miwili, mwana huinama akapita, na hapo radhi imetoka. Msahafu wa nyumba hii aliuandika babu yetu kwa mkono wake, hapahapa Siyu, na hukaa kwenye kidaka cha juu katika ukuta wa chumba cha ndani. Bwana Omari anaufikia. Athmani ni mrefu kuliko babake, anaufikia zaidi. Hakuna atakayeugusa.

Athmani amepata nafasi katika chuo kimoja cha jimbo la Massachusetts. Nauli ipo, pasi ipo. Mashua itaondoka gati la Mtangawanda Jumamosi kumpeleka Lamu, na kutoka Lamu ataenda Mombasa kupanda meli.

Kila kitu kipo ila mama.

Mimi nimetoka Mombasa, kwenye gazeti letu, kuja kumuaga mpwa wangu. Sikuja kwa kazi. Lakini baada ya chai Athmani alinivuta kando, karibu na kisima.

"Mjomba, wewe ndiwe msomaji. Mweleze mama. Ila yale ya vita vya huko uyaache."

"Kwa nini niyaache?"

"Ukiyasema, mimi nitazeeka Chundwa nikifundisha watoto kujumlisha."

Sikumwahidi kitu. Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna mhariri: nilitaka kuyaacha. Nataka kijana huyu aende. Ana akili ambayo skuli ya Chundwa, kijiji cha jirani, haina tena cha kuipa, na najua hali ya mtu anayebaki mahali kwa kukosa ndia ya kutoka.

Nilijiandaa kabla ya kuja. Nilisoma vitabu viwili, na bandarini Mombasa nilizungumza na baharia aliyezaliwa pwani ya huko. Pale baharia alipopingana na vitabu, nilimwuliza mara ya pili.

Dada alikuwa jikoni akichekecha unga wa mahindi juu ya sinia. Bwana Omari alikaa kizingitini akishona makubadhi, ambayo ndiyo kazi yake. Nikaanza kueleza. Dada akanikatiza.

"Chora. Maneno ya gazeti mimi siyaoni."

Basi nikachora Massachusetts kwa kidole, kwenye unga. Mashariki bahari, kama sisi. Kusini-mashariki nti imetoka ikaingia baharini kama mkono uliokunjwa: hapa kiwiko, hapa ngumi inaangalia kaskazini. Chini ya mkono huo visiwa. Katikati ya jimbo mto mkubwa unaoteremka kutoka kaskazini, na magharibi vilima vyenye misitu.

"Mkono wenyewe ni wa mtu akataaye watu," dada alisema.

"Au awaitao," alisema Bwana Omari.

"Wewe shona."

Nikamweleza baridi. Nilipofika kwenye ghuba zao za maji haba, kwamba mwaka ukiwa mkali huganda mtu akatembea juu yake, Bwana Omari aliweka sindano chini.

"Akatembea juu ya bahari?"

"Juu yake."

"Basi hiyo si bahari tena, ni sakafu." Aliyatazama makubadhi aliyokuwa akimshonea mwanawe. "Na haya je? Nimtilie manyoya?"

Dada alicheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Wenyewe," alisema. "Nataka wenyewe."

Nikamwambia jimbo lile linaitwa kwa jina la wenyewe. Wamassachusett walikaa kandokando ya ghuba, na jina lao, kwa kadiri nilivyosoma, maana yake ni mahali penye kilima kikubwa. Wanipmuc walikaa ndani, kwenye maziwa ya maji matamu. Na kusini, kwenye mkono na visiwa, walikaa Wawampanoag, watu wa upande wa mapambazuko. Walivua, walichimba chaza, walilima. Walipanda mahindi, na walipoyapanda walifukia samaki wadogo ardhini ili mmea upate nguvu.

"Kufukia samaki!" alisema dada. "Hawakujua ndaa hao."

"Na mahindi asili yake ni bara hilo, Dada. Hata haya ya kwenye sinia."

"Haya ni ya shamba langu."

"Shamba ni lako. Mbegu ilitoka bara la watu hao. Sisemi ilitoka jimbo lilelile."

Alichota unga kidogo akautazama kiganjani.

Akaniuliza wageni waliingiaje. Nilimwambia kabla ya wageni kukaa yalitangulia maradhi. Merikebu za Ulaya zilikuwa zikipita kuvua na kufanya biashara, na maradhi yakashuka nazo. Miji mizima ya pwani ikafa. Kisha katika mwaka 1620, baridi ikiingia, ikaja merikebu moja ya Waingereza waliotaka kuabudu kwa namna yao. Walijenga mji wao mahali palipokwisha kufyekwa, palipokuwa na mashamba tayari, kwa sababu palikuwa na mji kabla yao. Wenyewe walikuwa wamekufa wote.

"Kama Shanga," alisema.

Shanga ni magofu, si mbali na hapa. Dada hupita kando yake akienda shamba, na kila akipita husoma Fatiha. Hajui anawasomea akina nani.

"Kama Shanga. Ila mtu mmoja wa mji ule alibaki. Alikuwa ametekwa kabla ya maradhi, akapelekwa Ulaya kuuzwa. Miaka ikapita, akapata ndia ya kurudi. Alipofika kwao, hapakuwa na mtu."

Chekecheke ilisimama.

"Hata moya?"

"Hata mmoja."

"Mamake je?"

"Vitabu havisemi."

"Wewe hukuuliza?"

"Hakuna wa kumwuliza, Dada."

Vitabu viwili, na katika vyote viwili hakuna aliyemtaja mama wa mtu yule.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi hakuwa akiniuliza habari za Marekani. Kifua chake kimekuwa kibaya mwaka huu. Athmani atakaa huko miaka, na barua hupita kwenye mikono mingi kabla ya kufika Siyu. Alikuwa akiuliza mwanawe akirudi atamkuta nani.

Athmani alikuwa amesimama nyuma ya babake. Alinitazama, na nilijua ananiomba nikomee hapo.

Sikukomea. Nilisema kwamba mtu yule aliyerudi ndiye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi, la sivyo wangekufa, maana nusu yao walikwisha kufa baridi ya kwanza. Nilisema Wawampanoag walifanya mapatano na wageni, na mapatano yakasimama kiasi cha miaka hamsini.

"Na wageni walijenga nini?"

"Nyumba. Kisha uzio wa magogo kuuzunguka mji, na ngome kilimani yenye mizinga."

Dada alielekeza kidevu upande wa hori la bahari, ilipo ngome ya Siyu, walimokaa zamani askari wa kutoka nje. "Mgeni akijenga ngome amekwisha kuhama ugeni. Watu wa Siyu hatuhitaji kitabu kwa hilo."

Athmani alikohoa. Nikaendelea. Wageni waliongezeka, ardhi ikapungua, na mnamo 1675 vita vikaja. Wenyewe wakashindwa. Wengi waliuawa, na miongoni mwa waliobaki wako waliouzwa utumwani ng'ambo, wanawake na watoto pia.

"Wakaisha?"

"Hawakuisha. Baharia aliniambia wako hadi leo, kwenye mkono ule na kwenye kisiwa kimoja. Wanavua. Amecheza nao utotoni."

Dada aliweka chekecheke kando. Alikusanya unga wote, mto, vilima na visiwa, akautia chunguni. Adhuhuri tumekula sima kwa mchuzi wa papa. Bwana Omari alisema yeye binafsi amemaliza upande wa magharibi wote.

Athmani hajasema nami tangu chakula.

*

Baada ya alasiri. Mvua imekatika. Naongeza haya kabla sijasahau namna yalivyosemwa.

Dada alimwita Athmani akamkalisha kwenye mkeka. Mimi na Bwana Omari tulikuwa barazani, mlango uko wazi, na alijua tunasikia.

"Yule mtu wa mjomba wako," alianza, "alitwaliwa. Hakuna aliyemuaga, hakuna aliyemtolea radhi. Ndiyo maana alirudi akakuta kimya. Wewe hutwaliwi. Wewe nakutuma mimi. Mtu aliyetumwa na mamake hurudi akamkuta."

Mimi ni mwandishi wa habari, na najua hoja hiyo haisimami. Maradhi hayaulizi nani aliagwa na nani hakuagwa.

Sikumsahihisha.

"Ukifika," aliendelea, "wale wenye chuo watakupa kitanda. Uwashukuru. Lakini wao ni wageni waliozoea. Uwatafute wenye nti, hao wa mkono na kisiwa. Uwape salamu. Uwaambie wewe ni mwana wa Mwanaesha wa Siyu, na mbegu ya kwao ilifika hapa, tunaila, na hatujawahi kuwaambia ahsante."

"Mama, watanicheka."

"Wakikucheka, umekwisha kupata wenyeji. Ulitaka nini tena?"

Nikasikia Athmani akicheka, kisha sauti ikabadilika, na Bwana Omari akaanza kunieleza kwa sauti kubwa habari za bei ya ngozi. Nilimsikiliza kwa makini. Hatukutazama ndani.

Baadaye nilimwona dada akipanda kigoda. Hakumwita mtu amsaidie. Aliuteremsha msahafu wa babu, akapangusa jalada kwa ncha ya leso yake, akauweka juu ya mto karibu na mlango. Alipopita karibu yangu alisimama.

"Yale ya vita," alisema, "huyu alikukataza usiyaseme?"

"Alinikataza."

"Nalimwona matoni akikuangalia. Nawe ukasema."

"Nikasema."

"Basi ungeficha hayo, na mengine nisingeyaamini."

Akaenda kuangalia kuku wake.

Maji yatajaa Mtangawanda Jumamosi asubuhi. Tutatoka hapa kwa miguu mara baada ya sala ya alfajiri, na Bwana Omari ameshapata punda wa kubeba sanduku. Dada ameniambia nisimame nje ya mlango siku hiyo, nimpokee Athmani akitoka chini ya msahafu. Ndani atakuwa yeye.