Bolti ya Kiti cha Yotham

Obedi Ndahani,
Makole,
Dodoma.
17 Agosti 2003

Mpendwa mdogo wangu Yotham,

Hujambo huko Mtwara? Shemeji yangu Yasinta hajambo? Na mguu wako je, bado unakuuma kukiwa na baridi? Huku upepo wa Agosti unatumwagia vumbi mpaka ndani ya sahani, lakini nyumba nzima ni wazima, isipokuwa mimi. Daktari ameacha kuniandikia dawa mpya, na Tereza ameacha kunigombeza nisipomaliza uji. Kwa dalili hizo mbili nimeelewa nilipofika. Usishtuke. Nimeshiba miaka, na mwandiko huu unaopepesuka ni wa mkono wangu mwenyewe.

Siku hizi nalala mchana, na kila nikifumba macho naiona ile Pijo yako nyeupe ya mashindano ya magari imeegeshwa barazani kwetu. Unakumbuka mwaka ule wa 1993? Zilikuwa siku za ruksa. Kila wiki mtu alirudi Dubai na kitu tusichokijua jina. Mpwa wetu Elieth alirudi na kamera ya video, nawe ukasema, "Kaka, nataka watu waone ninachokiona mimi nikiwa kwenye kona." Bara hatukuwa na televisheni yetu, lakini wewe ulitaka uonekane kwenye banda la video pale sokoni!

Kishikizo cha dukani cha kufungia kamera garini hakikuwepo, na hata kingekuwepo tusingekiweza. Nikasema nitakitengeneza. Jumamosi zile tatu ndizo nilizofurahi kuliko zote tangu nistaafu kufundisha. Nilichukua bomba la siti ya baiskeli yangu kuukuu, nikalisimamisha kwenye kibao cha mninga katikati ya viti viwili vya mbele. Kamera ilifungwa juu kwa vipande vya tyubu. Bado ilitetemeka, picha zikawa kama za mtu mwenye homa, mpaka Tereza akashona kimfuko cha kaniki na kukijaza uwele. Kamera ikakaa juu ya uwele ule na kutulia kama mtoto aliyenyonya.

"Kamera yako inakula kuliko wageni," Tereza akaniambia.

Na Khamisi, fundi wako, akiwa chini ya gari miguu nje, akadakia: "Nyie Wagogo bwana! Hata gari mnalilisha uwele?"

"Wewe Mnyamwezi kaza nati, mambo ya chakula tuachie wenyewe," ukamjibu. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mtani yule alikuwa amekula kwetu miaka mingi kiasi kwamba watoto walimwita baba mdogo.

Sasa Yotham, nakuomba ukae, kama umesimama.

Asubuhi ya mashindano kule Bahi, mbuga ilikuwa imekauka, wameipangia mapipa yaliyopakwa chokaa, na watu wamesimama juu ya kingo za majaruba ya mpunga. Khamisi alikuwa amemaliza kazi yake, amekwenda kunywa chai. Wewe ulikuwa unaandikisha namba yako. Nikatikisa kile kibao cha mninga, nikakiona kinacheza. Kilihitaji bolti moja zaidi, nami sikuwa nayo. Nikachukua spana ya Khamisi, nikafungua bolti moja ya mbele ya kiti chako, nikakikazia kibao.

Nilipiga hesabu, tena kwa kujivuna. Kiti kina bolti nne, uzito wako kilo sabini, tatu zinatosha na kubaki. Hesabu ile ingempatia mwanafunzi wangu alama zote. Lakini niliipigia kiti kilichotulia darasani, si kiti cha mtu anayekanyaga breki kwa nguvu zake zote kwenye kona ya Bahi.

Uliyoyapata unayajua. Ulipokanyaga, bolti ya mbele iliyobaki ilikatika, kiti kikabinuka kwenda nyuma, mguu ukaachia breki, gari likapanda ukingo wa jaruba na kupinduka. Watu walikimbilia kukutoa wewe. Mimi nilikimbilia kishikizo. Nilikibeba chini ya koti pamoja na kamera, nikasema mkanda umeharibiwa na vumbi.

Haukuharibika. Asubuhi ile niliiwasha kamera kwenye kiti cha nyuma ili nijaribu betri, nikasahau kuizima. Mkono wangu unaonekana ukifungua bolti ile. Sauti yangu inasikika: "Hii moja haitadhuru."

Kiti kilipokaguliwa, tundu moja lilikutwa halina bolti. Hospitalini nilisimama miguuni pa kitanda chako. Ulimwambia Khamisi, "Nilikuachia roho yangu mikononi mwako." Akasema, "Wallahi, Yotham, nilikaza." Ukageukia ukutani. Nilikuwa na neno moja la kusema, sikulisema. Marehemu mama aliniachia nikulee, nikaona haya kuwa mtu aliyekuvunja. Wewe ukahamia Mtwara. Khamisi akabaki hapa anaitwa Fundi Nusu Nati, na wenye magari wakampita.

Alhamisi iliyopita binti yangu Anna alinikodishia teksi, nikaenda kwenye karakana anakofanya kazi Khamisi, kibarua wa watu aliowafundisha kazi yeye. Nilisema yote mbele ya mafundi wenzake, kwa sababu jina lake lilichafuliwa hadharani. Nilitegemea anitukane. Alifuta mikono, kisha akasema, "Mwalimu, miaka kumi nimeapa kwamba nilikaza. Lakini mwaka wa tatu nilianza kujiambia, labda sikukaza. Tangu hapo kila bolti naikagua mara tatu, na bado nikifika nyumbani nina wasiwasi."

Yotham, nilikuvunja mguu. Yeye nilimvunja ndani, na sikuwa najua.

Elieth anakuja huko na bidhaa zake mwisho wa mwezi. Atakuletea mkanda ule. Uangalie.

Usiniandikie mimi kwanza. Mwandikie Khamisi, umwombe radhi kwa kumlaumu, kama mimi ninavyokuomba wewe kwa kukuvunja. Barua yangu ije baadaye. Ikinikuta, nitashukuru. Isiponikuta, Tereza ataisoma kwa sauti chumbani mwangu, na hilo nalo litanitosha.

Tereza, Anna na Elieth wanakusalimu. Wasalimie Yasinta na watoto wote. Mungu awalindie nyumba yenu, na akupe moyo mwepesi kuliko huu niliouburuta mimi.

Ni mimi, kaka yako ninayekupenda tangu nilipokubeba mgongoni,

Obedi