Kifaru Ulichokiacha Cheupe Mno

Baba Oliva wangu,

Nianze na habari unayoitaka kabla hata ya salamu: vifaru vyako vyote vipo, hakuna kilichovunjika, na kile cha mwisho kimekamilika. Wiki nzima natembea nikitabasamu peke yangu, na majirani hapa Makambako wanadhani nimepata mchumba.

Wengine watasoma barua hii bila kukujua, kwa hiyo niwaeleze. Mchana ulikuwa fundi rangi wa malori. Jioni ukirudi kutoka gereji ulikuwa mtu wa vifaru vya plastiki vinavyoenea kiganjani, vya Vita vya Pili vya Dunia, tena vile tu vilivyopakwa rangi nyeupe ili visionekane kwenye theluji. Cha kwanza ulikikuta sokoni kwenye mtumba wa midoli, kikiwa na mnyororo upande mmoja tu. Nilikucheka mpaka muuzaji akakuonea huruma. "Mwanamume mzima na ndevu zako, unanunua mdoli!" nikakuambia. Hukukasirika. Ulikifunga kwenye leso yangu bila hata kuniomba.

Nilikuuliza kwa nini vyeupe. Ukasema kwenu Ipelele, asubuhi za mwezi wa saba, umande huganda na nyasi huamka nyeupe, na mbuzi mweupe wa bibi yako alikuwa haonekani mpaka alie. Toka utotoni ulikuwa unajua kujificha kwenye weupe ni nini.

Kifaru kile ulikipuliza rangi ya lori, kikang'aa kama gari la bwana harusi. Mimi nikakusifu. Wewe ukakitazama, ukakitazama tena, ukachukua msasa ukakikwangua chote.

"Askari hawakuwa na kompresa ya kupulizia rangi, Mama Oliva," ukasema. "Walikuwa na chokaa na fagio, na vidole vimekufa ganzi."

Tangu hapo ulikuwa unapaka kijani kwanza, halafu juu yake chokaa halisi ya ukutani iliyotiwa gundi kidogo sana. Ikishakauka ndipo kazi yenyewe inaanza, kazi ya kuichakaza: pale askari walipokanyaga wakipanda, kwenye kingo za mfuniko wa kuingilia, na pale theluji ilipoyeyuka ikachuruzika na kurudisha kijani. Ukutani ulibandika picha ya kifaru cha kweli, uliyochapishiwa stesheneri, na kila mchirizi ulilazimika kufanana na ule wa pichani. Kuna kimoja ulikirudisha Dar kwa basi kwa sababu aliyekuuzia alikisifia kuwa ni cha majira ya baridi ya mwaka fulani wa vita, kumbe majira hayo kifaru cha aina ile kilikuwa hakijaundwa. Nikakuambia, sasa nani atajua? "Mimi nitajua," ukasema, ukaendelea kula.

Unakumbuka tulivyopaka chokaa nyumba ya mama yako kule Ipelele? Ukuta haujakauka, mvua ikashuka. Chokaa ikatiririka, udongo ukaanza kuchungulia, Mama akashika kichwa, na mimi gauni langu la kanisani likarukiwa matone. Wewe ulisimama kwenye mvua unacheka. "Njooni muone! Hivi ndivyo vifaru vilivyokuwa vikionekana baridi ikiisha!" Nilikununia mpaka tunafika Njombe. Leo ningetoa chochote nikuone umelowa namna ile.

Halafu ukaugua. Ulipolazwa Njombe, mezani kwako kilibaki kifaru kimoja ulichokwisha kukipaka chokaa, cheupe chote, hujakichakaza bado. Siku mkono wako uliposhindwa hata kushika kikombe, uliniambia, "Kile usikiache hivyo. Kinaonekana hakijawahi kutoka nyumbani. Kimalize." Nikasema nitakimaliza. Ningesema nini kingine?

Baada ya kukuzika nilijaribu, Mungu anajua. Nakaa kwenye kiti chako, nashika brashi yako, natazama picha ile ukutani, halafu naiweka brashi chini. Nikikikwangua vibaya, nimeiharibu kazi yako ya mwisho. Nikikiacha, nimekudanganya ukiwa kitandani. Nikawa nakifuta vumbi kwa kupuliza na pumzi tu, na nikipita mlango wa chumba kile naangalia pembeni. Kitu cha plastiki kilininyima raha kuliko watu wanavyojua.

Sasa wiki iliyopita kulikuwa na kipaimara cha Oliva. Mama aliteremka kutoka Ipelele na gunia la viazi, na unamjua, hata chai hajamaliza ameshaomba fagio. Mimi nikaenda sokoni. Narudi, namkuta kwenye meza yako, beseni la maji ya sabuni mbele yake, kitambaa mkononi, na maji yale ni meupe kama maziwa.

"Nimeanza na hiki," akasema. "Wageni wakija waone vitu vya mwanangu vimejaa vumbi? Watanisema mimi."

Baba Oliva, moto ulinipanda kutoka miguuni. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni, kama yangetoka, mama yako asingelala tena kwenye nyumba hii, na mimi nisingejisamehe. Akaiona sura yangu, kitambaa kikamdondoka.

"Mwanangu, nimekiharibu?"

Nilikichukua kile kifaru. Nikakipeleka dirishani. Chokaa ilikuwa imeondoka kwenye kingo zote, pale vidole vyake viliposhika na kusugua. Pembeni ilikuwa imeshuka kwa michirizi, na kijani kinachungulia katikati. Kwenye mikunjo na chini ya mzinga, kitambaa kisikofika, weupe umebaki mzito. Nikakiinua mpaka karibu na ile picha ukutani. Nilitazama huku, nikatazama kule. Nikakusikia unacheka kwenye mvua ya Ipelele. Miaka yote nilipokuwa najifanya sikusikilizi ukieleza mambo ya chokaa na theluji, kumbe yote yaliniingia, maana nilijua, bila kumuuliza mtu, kwamba kipo sawasawa.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Umekimaliza."

Alidhani namfariji tu. Nikamkalisha, nikamweleza ulichoniomba hospitalini, nikamwonyesha picha, mchirizi kwa mchirizi. Akakipokea kwa mikono miwili, akakikausha taratibu kwa pindo la kitenge chake.

"Kwa hiyo kazi ya mwanangu imeisha?"

"Imeisha, Mama."

Tulilia, lakini kilio chepesi, kile ambacho mtu akimaliza anasikia njaa. Tukala viazi vyake. Siku ya kipaimara kifaru kilikaa mezani karibu na keki, na Mama akamwambia kila mgeni, pamoja na mchungaji, kwamba kile mwanaye alikianza na yeye akakimalizia. Vile vingine nimevifungia kabatini na ufunguo ninao, maana siku hizi anajiita fundi na anauliza kama kuna vingine vya kuosha.

Chumba chako sasa naingia bila kuangalia pembeni. Hakuna tena jambo uliloniachia likanishinda. Lala, Baba Oliva. Na mimi nimeanza kulala.

Mkeo,
Mama Oliva