Mke wa Dereva Hatapiki

Huancayo

Dada yangu mpenzi Zenobia,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Tarma haijawabana kifua. Mimi naendelea vizuri. Rovu limeshatolewa na shingo imefungwa bendeji.

Siku ya upasuaji alikuja daktari wa dawa ya usingizi na maswali yake. Aliuliza kama navuta sigara, nikasema sivuti. Akauliza kama huwa natapika nikisafiri kwa gari. Kabla sijafungua mdomo, Teodomiro akanijibia. Unamjua shemeji yako akianza kujisifu.

"Mke wa dereva atapike, daktari? Huyu anakula kuku kwenye kona za Ayacucho, mimi nikiendesha kwa mkono mmoja."

Wauguzi wakacheka, naye akavimba kichwa. Daktari hakucheka. Alieleza kwamba mtu aliyepasuliwa shingo akitapika kwa nguvu, damu inaweza kuvuja humo ndani ikamziba pumzi. Anayetapika safarini huongezewa dawa ya kuzuia mapema, kwa hiyo alitaka kunisikia mimi mwenyewe.

"Natapika kila safari," nikamwambia. "Kwenye mfuko, chini ya shali, yeye akitazama barabara."

Teodomiro akatazama viatu vyake.

Nilichomwa sindano moja kabla sijalala, na nyingine walipokaribia kumaliza. Niliamka tumbo limetulia kabisa. Nilidhani nitaona aibu, au nitafurahi kuwa hai, lakini sisikii chochote, dada, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Jioni Teodomiro alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Aliuliza jambo moja tu.

"Hata siku ya harusi?"

Siku ile alinikalisha kiti cha mbele, basi limepambwa maua, na mpaka leo huwasimulia abiria jinsi nilivyojifunika uso nikilia kwa kuagana na wazazi. Wewe ndiye uliyelifua lile gauni, ukanitunzia siri. Nikamwambia ndiyo, hata siku ya harusi.

Alichukua beseni chini ya kitanda, akalishika kidevuni pangu kwa mikono miwili. Nilimweleza kwamba dawa imefanya kazi, hakuna kitakachotoka. Akaendelea kulishika hivyo hivyo mpaka muuguzi alipokuja kumtoa.

Nibusie watoto, na majirani wote wanaoniulizia uwape salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Edelmira