Waya wa Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekagua mizinga kumi na nne kabla jua halijakaa sawa. Mmoja mtupu. Mingine ina nyuki mpaka mti unanguruma kama mashine ya kusaga. Pori lote hili la Manyoni hakuna mwenye mizinga kama yangu. Nimeng'atwa mara mbili tu, tena na nyuki wageni.

Mchana Neema amepiga simu. Mtoto wa dada yangu, anatunza wanyama kwenye kile kituo kidogo cha kuokoa wanyama, barabara ya Dodoma. Shikamoo mjomba, marahaba mama, halafu akasema nyegere wetu amepona. Alhamisi niende kumwona. Daktari wao anataka kuongea na mimi.

Daktari anataka kuongea na mimi. Nimemwambia mke wangu mara tatu. Ya tatu akasema amesikia.

Ila kuna jambo sijamwambia. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika. Watu wanajua mwezi wa tatu nilimkuta nyegere amenaswa kwenye waya wa majangili, nikapambana naye saa nzima, nikamtia kwenye gunia. Gunia ni kweli. Jangili ni mimi. Waya niliutega mwenyewe, nyegere walikuwa wananivunjia mizinga. Asubuhi ile nimeshika rungu nimalize, Neema akatokea nyuma yangu, alikuwa amekuja kutusalimia. Ulimi ukasema majangili. Yeye ndiye aliyemfunika kichwa kwa khanga, akaukata waya. Tukampeleka kituoni kwa bodaboda. Wakaona alivyomshika, wakampa kazi. Ya majaribio mpaka leo.

Jumatano, 6 Agosti

Shati limepigwa pasi. Viatu vimepakwa mafuta ya kula, vinang'aa.

Jirani yangu Lazaro amepita. Mgogo, mtani wangu, naye ana mizinga.

"Mwanzoni ulipambana na nyegere dakika kumi," akasema. "Pasaka ikawa nusu saa. Sasa hivi saa nzima. Krismasi utatuambia mlilala huko."

Nikamwambia kabila lake linakimbia hata kunguru. Akacheka akaondoka. Mimi sikucheka. Anajua kitu? Hajui kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudi. 

Kituo chenyewe si kikubwa. Mabanda ya wavu kama kumi hivi. Fisi mzee mwenye jicho moja. Tai asiye na bawa anatembea chini kama mwalimu mkuu. Kobe, tumbili, digidigi wawili. Harufu ya mkojo na majani. Wanafunzi walikuwa wamekuja na mwalimu wao, Neema akawaambia huyu ndiye mjomba wangu. Ningefanyaje? Nilisimulia. Saa nzima ikawa saa moja na nusu. Katoto kamoja kakauliza, "Babu, alikuuma wapi?" Nikapandisha suruali nikaonyesha kovu la mnyororo wa baiskeli.

Halafu nikamwona mwenyewe. Anazunguka bandani, kucha zinakwaruza saruji. Mguu wa mbele wa kushoto kucha mbili hazipo, na pete ya ngozi tupu pale waya ulipokaa. Akanusa upepo. Akasimama. Nikarudi nyuma ya mwalimu.

Daktari ni mama mwenye mabuti ya mpira, hana maneno mengi. Akasema wanataka kumwachia kule kule alikotoka, hofu yao ni matanzi ya waya tu. Pakoje?

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikasema, "Pori lile nalijua kuliko nyumba yangu. Waya hutaupata hata wa dawa."

Akamgeukia Neema. "Kama mjomba wako ndivyo anavyosema, basi Jumanne." Neema akachukua fomu. Pale pa aliyethibitisha usalama akaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, akaniangalia anatabasamu.

Nilitega waya saba. Mmoja ndio ule. Sita bado zimo porini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeingia porini alfajiri. Mke nimemwambia nafuata gogo la mzinga.

Kila waya naujua, natega chini ya mti wenye mzinga. Kufikia saa sita nimetoa tano. Nimezifukia nyuma ya choo.

Wa saba sijauona.

Naikumbuka siku yenyewe vibaya. Nilitoka kunywa wanzuki, pombe ya asali, kwa Lazaro, na wanzuki wa Lazaro unapindisha njia. Nakumbuka waya ulinikata kidole. Nakumbuka nilicheka peke yangu. Mahali sikumbuki. Mtu mwenye kichwa kama changu, ninayekumbuka bei ya asali ya miaka ishirini nyuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Kila mti wenye mzinga nimeuzunguka mara mbili. Hakuna. Pori limepukutika majani lakini vijiti vimesongamana, unapita kwa magoti. Shati limechanika. Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa najiambia waya umeshaliwa na kutu. Halafu nikakumbuka dukani nilivyompa mwenye duka maneno, kwamba mimi sinunui waya wa kushika kutu.

Mke wangu ameuliza nini kinanisumbua. Nikasema kiuno.

Nyegere aliyekwisha kunaswa atanaswa tena? Wenzangu wanasema ana akili. Lakini usiku, njaa, harufu ya asali. Na safari hii hakuna atakayefika na khanga. Na fomu ina jina la mtoto wa watu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetafuta mpaka saa nane. Hakuna. Nikapanda kichuguu penye mtandao, nikapiga.

"Neema, zile waya zilikuwa zangu."

"Zipi mjomba?"

"Zote. Na ule wake. Mmoja bado umo, siuoni."

Nikasikia ndoo inawekwa chini. 

"Fomu ina jina langu," akasema. Akakata.

Nimekaa kichuguuni mpaka mchwa wakaanza kunipanda.

Jumanne, 12 Agosti

Wamekuja bila kizimba cha nyegere. Daktari, Neema na wafanyakazi wanne. Neema amenisalimia shikamoo huku anaangalia gurudumu la gari.

Daktari hakunifokea. Afadhali angefoka. Neema hajafukuzwa, ameambiwa fomu ile hujazwa kwa miguu, haijazwi kwa mdomo. Mimi nimepelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji nikaseme tena yote, nimesimama, watu wanasikiliza. Ofisi ya wanyamapori itaniita. Sijui itakuwaje.

Mchana tukapanga mstari, mtu na mtu hatua tatu, tukalichana pori. Hakuna kitu.

Jioni Lazaro amekuja mlangoni. Hana utani. Katoa waya tatu mfukoni, akasema ameziokota njiani. Waya tatu zilizokunjwa vizuri, za kuokota. Nimezipokea. Hatukuangaliana.

Jumatano, 13 Agosti

Umepatikana. Neema ndiye aliyeuona. Haukuwa chini ya mzinga wowote. Ulikuwa kwenye ujia mdogo wa kutoka kwa Lazaro, na ndani yake digidigi, ngozi na mifupa tu. Mguu mwembamba kama kalamu. Amekaa hapo miezi.

Mdomo wangu ulishafunguka kusema huu si wangu, huu wa majangili. Neema alikuwa amechuchumaa anaukata kwa koleo. Nikaufunga mdomo.

Ijumaa, 15 Agosti

Jana na leo asubuhi wamelichana pori kwa mstari tena, na wafuga nyuki wote tumekuwemo. Pori safi.

Jioni wamemleta. Neema amevuta mlango wa kizimba, akapanda juu ya gari. Nyegere akatoka, akachechemea kidogo, akachimba chini kama aliyeangusha kitu, akaingia vijitini. Hakugeuka. Imechukua muda wa kufunga kamba za viatu. Ndivyo ilivyokuwa, sina cha kuongeza.

Wenzake wakaondoka na gari. Neema amebaki kulala kwetu, kesho atapata usafiri. Mkoba wake nilitaka kuupokea, akampa mke wangu.

Chakula kilipotengwa nilikaa pembeni, nikijua leo nitanawa mwenyewe. Akaja na birika na beseni. Akaanzia kwangu. Amenimiminia polepole, maji ya vuguvugu, mpaka vidole vyote vikatakata. Nikasema asante mama.

Tumekula ugali na mlenda.