Spika za Mzee Arasa

Ndhiwa, 9 Machi 2025

Kwa shemeji Maroa,

Pokea salamu kutoka Ndhiwa. Mimi ni mzima, mvua imeanza na mahindi yameshika. Natumaini miguu ya mama mkwe imepunguza kuuma.

Barua hii naituma ndani ya katoni tupu, usiitupe. Unaikumbuka spika ya mbao aliyoniachia marehemu baba yenu, mzee Arasa? Nimeipatia amplifaya ya zamani na gramafoni ambayo fundi wa Homa Bay ameifufua. Hata televisheni nimeiunga hapo. Msomaji wa habari sasa ni kama amekaa nawe sebuleni. Shida ni kwamba spika ni moja. Pacha wake bado yuko kwa mama, amebeba mtungi wa maji. Mtie kwenye katoni unitumie.

Dada yako Robi amekuja huko kumwona mama. Msalimie.

Shemeji yako,
Stanley

Migori, 17 Machi 2025

Shemeji Stanley,

Salamu zimefika. Mama anatembea mpaka langoni na anawafokea wajukuu, kwa hivyo amepona. Spika hiyo hapo. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na panya, fundi Nyamongo akabandika nyingine.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Dada yangu hakuja kutembea. Amekuja na begi kubwa na sufuria zake, na mtu hatembei na sufuria. Nilipombana, alisema umetoa viti vyote sebuleni ukabakisha kimoja, chako, na kwamba akikaa mkekani unamwambia anazuia sauti. Shemeji, ni kweli?

Unajua desturi. Mke akirudi kwao, mume huja kumchukua, na mzee wa upande wa mume akiwa pembeni. Tunakungoja.

Shemeji yako,
Maroa

Ndhiwa, 1 Aprili 2025

Shemeji Maroa,

Natumaini nyote hamjambo. Spika imefika salama, na inaimba!

Kuhusu viti, nikueleze. Spika mbili zikikutazama, kuna mahali pamoja tu ambapo sauti hukutana. Ukisogea kidogo, mwimbaji anahama. Hapo ndipo niliweka kiti mapema, nikiingoja spika ya pili. Vingine viko stoo, sikumfukuza mtu. Robi hajanipigia simu, nami sijampigia. Nangoja hasira zishuke.

Nilitaka kuja Jumapili hii, lakini fundi anakuja siku hiyo kutoa mlio fulani kwenye waya, na akinikosa ni mpaka mwezi ujao. Kwa hivyo namtuma mjomba Caleb. Ni mzee na anajua kuongea. Mkabidhini Robi, watarudi pamoja.

Shemeji yako,
Stanley

Migori, 7 Aprili 2025

Shemeji Stanley,

Sisi hatujambo, ila tumeaibika. Mjomba wako alifika, akala, akakohoa, akasema amekuja kumchukua Robi. Mama akawa anatazama mlango, akidhani wewe bado unalipa bodaboda. Robi akauliza, "Na Stanley mwenyewe ako wapi?"

Mjomba ni mtu mkweli. Akajibu, "Anangoja fundi wa redio."

Robi akakusanya vyombo. Jinsi alivyoviosha, tulimsikia mpaka sebuleni.

Nakupenda, shemeji, lakini hapo umekosea vibaya. Mzee humsindikiza mume, hawezi kuja kwa niaba yake. Robi amesema usitume mtu mwingine tena. Ameanza kuulizia kibanda cha kukodi sokoni Uriri, auze nguo. Mtu anayetafuta kibanda hana mpango wa kurudi.

Shemeji yako,
Maroa

Ndhiwa, 14 Aprili 2025

Shemeji Maroa,

Salamu kwenu, na uniombee msamaha kwa mama.

Mlio umetoka. Jana niliweka sahani ya muziki kwenye gramafoni, nikakaa pale katikati. Gitaa la kushoto lilikuwa likiongea na la kulia likijibu, ber ahinya, tamu kabisa, hata nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikageuka nimwambie Robi, "Hebu sikia hapo." Nikaona ukuta. Wimbo ulikuwa haujaisha, nikazima.

Nimerudisha viti vyote. Viwili vimeziba spika moja, acha vizibe. Namtaka Robi nyumbani, Maroa. Nyumba hii imenishinda bila yeye. Sijawahi kumwambia hivyo, hata wakati wa uchumba nilikuwa natuma watu. Naona haya kumpigia. Tafadhali, mwambie wewe.

Shemeji yako,
Stanley

Migori, 17 Aprili 2025

Shemeji Stanley,

Tu wazima, na mama amekusamehe nusu.

Sitamwambia. Maneno hayo yabebe mwenyewe, naye mjomba akae pembeni anavyotakiwa. Nilichomwambia Robi ni kwamba huenda ukaja Pasaka, nikamuuliza kama nikuandikie uje.

Alitoka nje, akawatazama kuku, kisha akaniuliza kama jogoo mwekundu achinjwe Jumamosi jioni au Jumapili asubuhi.

Shemeji yako,
Maroa