Kibati cha Jiliwa Namba Tatu

Jumanne, 2 Septemba

Frederick, yule muuza vyuma vya kale, kaja asubuhi na jiliwa la kubania vyuma, zito kama ndama. Kalifufua vizuri, lazima niseme – kutu yote nje, skrubu inazunguka bila kelele. Ila halina kibati cha jina. Anasema kililika zamani. Kanipa maneno kwenye karatasi: OLKERI ESTATE, 1938, NO. 3. Walowezi walikuwa wanabandika vibati kwenye kila kitu chao, na siku hizi lodge za watalii zinavipenda kweli. Nimemwambia aje Ijumaa. Nani mwingine Arusha hii ataifanya kazi hii? Hakuna!

Alhamisi, 4 Septemba

Imetoka! Shaba nimeipaka vanishi, nikachora herufi kwa sindano, asidi ikala palepale nilipochora. Kisha chumvi na siki, izeeke. Sylvanus kaitazama weee, kasema angeapa imetoka kwa mkoloni. Mume wangu huyu ni mchomeleaji, hasifii ovyo.

Nyuma nimegonga A, ya Aika, jina langu. Kila kibati changu kinayo. Mimi si tapeli, anayetaka ukweli ageuze. Sylvanus akauliza nani atageuza kitu kilichopigiliwa ribiti nne kwenye chuma. Anapenda ubishi! Nikamwambia aende akamalizie geti la watu.

Jumatano, 10 Septemba

Leo kaja Mzee Yiamat wa Kisongo. Shikamoo, marahaba, kiti, maji. Anataka kibati kidogo chenye jina la marehemu baba yake, Parsimei. Kikae chini ya kile cha zamani, kwenye jiliwa alilouziwa na Frederick.

Baba yake alikuwa fundi Olkeri. Jiliwa lake lilikuwa namba tatu, hakuna mwingine aliyeligusa. Mzee kalitafuta miaka, mpaka akakutana na Frederick, akamweleza yote: shamba, mwaka, namba. Na Frederick akalipata! Namba ileile! Machozi yakamlengalenga. Jumapili baada ya ibada ukoo mzima unakuja kulishika.

Kumbe namba ile nimeiandika mimi. Mimi! Ile karatasi ya Frederick ilikuwa maneno ya mzee mwenyewe. Frederick kaniletea, nikayaandika kwenye shaba, mzee akarudishiwa kama ushahidi.

Akaniuliza kwa upole kama nitaweza kuandika vizuri kama yule fundi wa zamani. Nikasema nitajaribu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Frederick. Anacheka! Mzee kafurahi, tatizo liko wapi? Halafu eti – si wewe ndiye uliyekizeesha? Nikamkatia simu.

Hasira tupu leo. Nimeharibu shaba mara mbili. Nikimwambia mzee, namzika baba yake upya. Nikinyamaza, nitakuwa nimeshirikiana na yule mwizi. Sylvanus anachomelea tu. Bora angenibishia, ningepata wa kugombana naye.

Jumamosi, 13 Septemba

Mzee kaja na jiliwa kwenye pikapu. Kibati cha Parsimei kiko tayari, kinang'aa, A yangu nyuma, hakuna uongo ndani yake. Nilishaamua: napiga ribiti, nanyamaza, mzee anakwenda na furaha yake. Basi.

Akakipapasa kile cha juu kwa kidole gumba. "Yeyo," akaniita, Waarusha wanavyomwita mama, "hiki kitoe kwanza. Baba alisema mafundi wa zamani walikuwa wanaficha alama zao nyuma. Nataka nimjue aliyekitengeneza."

Sylvanus akazima mashine yake.

Ningeweza kusema kitavunjika. Ulimi ulikuwa tayari kabisa! Lakini kazi yangu haivunjiki, na sitaisingizia. Nikachukua keekee ya kutobolea. Ribiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne nikasema tunywe chai kwanza, nikawamiminia wao, nikajifungia huku stoo na daftari langu.

Nawasikia. Mzee anasimulia alivyokuwa akimpelekea baba yake uji karakana, na jinsi alivyokatazwa kugusa jiliwa. Sylvanus anaitikia tu – eeh, eeh. Naogopa. Nimeshaliandika, silikani tena. Naogopa ile A yangu nzuri, iliyonyooka.

Mzee ananiita. Anasema chai imeisha, na miwani ameshavaa.